Kitenzi Nilichokuwa Nakiruka Darasani

Jumatatu jioni, Kalamba. Baridi ya Julai, na yale manyunyu yasiyofika kuwa mvua. Sijatoka nje tangu asubuhi. Nimejifunika shuka mbili na bado miguu ni barafu.

Jana tulimzika Mama.

Wageni wameenda. Sufuria za kanisa zimerudishwa, turubai limekunjwa, na kilichobaki ni matope ya viatu sebuleni na thermos ambazo hakuna anayejua ni za nani. Mbithe, dada yangu mdogo, anazunguka humu ndani akiokota vitu na kuviweka mahali pengine. Haongei na mimi. Nitafika hapo.

Nyinyi wachache mnaosoma blogu hii mnajua nimekuwa mwalimu wa Kiingereza tangu nikiwa msichana mpaka juzi waliponistaafisha. Kitu ambacho hamjui ni kwamba kuna somo moja sikuwahi kulifundisha hata siku moja. Kila kitabu cha kidato cha pili kina ukurasa wa kitenzi take, yaani chukua. Take off, take in, take after, take over, mstari baada ya mstari, na kila mstari maana yake nyingine. Nikifika pale nilikuwa nafungua ukurasa unaofuata na kuwaambia watoto, "Hiyo mtajisomea nyumbani." Walidhani ni uvivu wa mwalimu. Wacha wadhani.

Sikuweza kuandika haya Mama akiwa hai. Yeye hangeyasoma, lakini mimi ningejua nimeyaandika, halafu ningemwangalia vipi akinipakulia isyo, mahindi na maharagwe yake?

Baba alikuwa fundi wa mawe. Maduka mengi ya zamani ya mji wa Salama yana mkono wake, na matangi ya maji ya huku kwetu pia. Hakwenda shule. Kiswahili alikiokota mjengoni, kwa mafundi wenzake na madereva wa malori waliokuwa wakilala Salama, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Leta kokoto. Ongeza maji. Wewe, wacha kuzubaa. Nyumbani hakukitumia kabisa. Nyumbani ilikuwa Kikamba, na mimi aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Syombua. Hiyo ndiyo desturi yetu. Mtoto wa kwanza wa kike anapewa jina la nyanya, na baba yake anamheshimu kidogo kwa ajili ya jina hilo. Baba hakuwahi kunichapa. Mbithe alichapwa mpaka akazoea, maskini.

Nilipoingia sekondari Baba aligeuka mtu wa kuniaibisha. Mgeni akija, kabla hata ya chai, ananiita. "Mwaitu, hebu ongea ile lugha." Nami nasimama pale katikati ya nyumba kama kinanda cha kanisa, natoa chochote kilicho kichwani, na mara nyingi kilichokuwa kichwani ni kile kitenzi, kwa sababu mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akitupa mtihani wa take kila Ijumaa na ukikosa unalima shamba la shule. She takes after her father. Namaanisha amefanana na babake. The plane took off. Ndege iliruka. Mgeni anatikisa kichwa, Baba anatabasamu mpaka ufizi unaonekana. Hakuelewa hata neno moja, lakini alijua amenunua kitu kizuri.

Halafu akaanza kuugua.

Nilikuwa kidato cha tatu, mapema miaka ya themanini. Tumbo lilifura, miguu ikafuata, macho yakawa ya njano. Alikuwa mtu mkubwa wa mifupa na akaanza kubaki mifupa na tumbo. Alitumia dawa za duka, akatumia mizizi, akaombewa na kanisa lote. Mwishowe, mimi nikiwa likizo, tulimpeleka hospitali ya misheni, mbali. Tulikwenda wanne: Baba, Mama, mimi, na Baba mdogo Kilonzo, ndugu wa pekee wa Baba, ambaye aling'ang'ania kuja ingawa hakuna aliyemwambia aje.

Wakamlaza wakampima siku kadhaa. Siku tuliyoitwa kupewa majibu, yule muuguzi Mkamba aliyezoea kutafsiri alikuwa ameenda kliniki ya mashinani. Daktari alikuwa mwanamke mzungu, mpya, mwenye sauti ya upole. Akatuangalia sote wanne akauliza kama kuna anayejua Kiingereza.

Baba hakungoja. Alininyooshea kidole kabla hata swali halijatafsiriwa. Uso wake! Mgonjwa amekauka namna ile, na bado alifurahi. Miaka yote ya karo, na sasa siku imefika.

Mwanzo ulikuwa mwepesi, hata wa kuchekesha. Take a seat, nikamwambia Baba aketi. Take off your shirt, nikamwambia avue shati. Take a deep breath, nikamwambia avute pumzi. Daktari akauliza kama huwa anachukua pombe, maana kwao hata pombe ni take, nikamwambia Baba anaulizwa kama anakunywa. Akauliza tangu lini anameza zile tembe za dukani. Take tena. Akasema wanataka kumtoa damu nyingine. Take. Baba alikuwa amesikiza mdomo wa mzungu kwa makini kama anavyosikiza ukuta akiugonga, na akanigeukia.

"Hilo neno moja analirudia kila saa," akasema. "Ni panga? Linalima, linakata, linakuna mgongo?"

Mama akacheka. Hata mimi nilicheka. Nikamweleza daktari kwa nini tunacheka na yeye akacheka pia, halafu akaacha kucheka, akavuta kiti chake karibu na mimi. Si karibu na Baba. Karibu na mimi.

Aliongea polepole kunisaidia. Maini yamekwisha kabisa. Hakuna dawa. Hakuna upasuaji. It will take a few weeks, akasema, perhaps less. Wiki chache, labda pungufu. Take him home. Mrudisheni nyumbani.

Nilielewa kila kitu. Watu wakisikia hadithi za wakalimani wanangoja kusikia mahali walipokosea. Mimi sikukosea. Hakukuwa na neno moja gumu pale. Yalikuwa maneno ya kidato cha kwanza, na nilikuwa mwanafunzi bora wa kitenzi hicho shule nzima.

"Amesema nini?" Baba akauliza.

Hapa lazima nieleze kitu, maana kuna watu wa mjini wanaosoma hapa.

Kwetu wakati huo mwanamume hagawi shamba akiwa mzima. Akianza kutaja nani atachukua nini baada yake, watu wanasema anajiitia kifo, na wake zake wanalia. Anangoja mpaka ajue siku zimekaribia, ndipo anaita wazee na ndugu, anasema, na neno lake hilo la mwisho ndilo linalosimama. Hakuna mtu wa kulivunja, wanaliogopa. Lakini asiposema, ndugu zake wanakaa wanasema wao. Baba hakuwa amesema lolote. Na Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi na Mbithe, na mke ambaye ndugu wa mume anaweza kumwambia arudi kwao Mbooni, na hakuna mtu angeinua hata kijiko kumtetea.

Kwa hivyo Baba akifa bila kujua anakufa, Mama hana nyumba. Nilikuwa msichana wa shule lakini hilo nilijua. Hata kuku wa kwetu walijua.

Baba mdogo Kilonzo hakuwa na Kiingereza lakini macho alikuwa nayo. Alinisoma usoni. Akainama sikioni kwangu. "Mwambie ni dawa tu anapewa. Usimvunje moyo mgonjwa."

Nikamtazama Mama. Mama naye alikuwa amenisoma, na akatikisa kichwa. Kidogo tu. Hapana. Yeye hakuwa anafikiria shamba. Alikuwa anafikiria mume wake alivyocheka sasa hivi, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na hakutaka nimnyang'anye hicho kicheko.

"Mwaitu," Baba akasema. "Mimi si mtoto. Amesema nini?"

Nilifungua mdomo kumwambia kwa Kikamba na Kikamba kikakataa. Sikukosa maneno. Yapo, ni ya kila siku, tunayatumia kwa ng'ombe na kwa jirani. Lakini mtoto hamwambii mzazi wake maneno hayo akimwangalia. Ni kama kumvua nguo. Na kwa jina nililobeba, nilikuwa kama mama yake ndiye anamwambia.

Basi nikasema kwa Kiswahili.

Sijui kilitoka wapi. Sikuwahi kuongea Kiswahili na Baba maisha yangu yote. Nilisema, "Baba, daktari anasema dawa hakuna. Maini imeisha. Anasema turudi nyumbani. Anasema ni wiki chache."

Kilikuwa Kiswahili cha kupeleka ujumbe, cha karani na cha chifu barazani. Hakikuwa na mama wala mtoto ndani yake. Ndiyo maana niliweza.

Shati la Baba lilikuwa bado mkononi. Halafu akanijibu kwa Kiswahili vilevile, kile chake cha mjengoni.

"Wiki ngapi?"

"Hakusema ngapi. Chache."

"Sawa," akasema. "Mwambie asante."

Nikamgeukia daktari nikamwambia thank you. Hilo ndilo neno la mwisho nililotafsiri siku hiyo. Nilipomwangalia Mama, alikuwa ananiangalia kama mtu aliyekuta mgeni amekalia kiti chake.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake Baba hakutaka kulala kitandani. Alituma mtu amletee mfuko wa simiti, akamwita mchungaji na wazee wa ukoo, na Baba mdogo Kilonzo akaitwa pia, akaja na koti lake la Jumapili. Baba alikalia karai lililopinduliwa kwenye kona ya kwanza ya shamba. Mimi na Mbithe tulichanganya. Alituelekeza kwa kidole: mchanga, kokoto, simiti, maji kidogo, wewe usiharakishe. Tukachimba, tukasimamisha jiwe, tukamwaga zege. Halafu tukamshika makwapa tukamhamisha kona ya pili. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Kwenye kila kona alisema jambo moja, kwa sauti ambayo hakuwa nayo siku nyingine: hapa ndani ni kwa mke wangu na watoto wangu hawa, na atakayewatoa atanikuta.

Kilonzo alikuwa anatazama chini. Hakuna aliyemuuliza maoni.

Kona ya mwisho ilipokauka, Baba aliingia ndani akalala akiangalia ukuta.

Hakula tena. Mama alimpikia uji, akamchemshia supu ya kuku, akamsihi, akamwimbia. Baba alikuwa anakataa kwa adabu, anasema baadaye. Daktari alisema wiki chache. Haikufika hata mbili. Siku Baba alipokata roho, Mama alitoka nje akanikuta naosha bakuli ambalo halikuwa limeguswa. Akalichukua mkononi mwangu.

"Angekula," akasema, "kama hangejua."

Basi. Hakusema kingine, wala hakurudia tena. Mimi kwa hasira ya utoto nilitaka kumpigia kelele: na wewe ungelala wapi? Sikupiga kelele. Niliokota bakuli lingine nikaosha.

Watu wanadhani kutosamehe ni ugomvi. Si ugomvi. Mama alinipikia, alinisindikiza shuleni, alilia nilipopata chuo cha ualimu, alibeba watoto wangu mgongoni. Lakini kutoka siku ile hakuwahi kunitumia kama mdomo wake. Barua ikija kutoka serikalini, anavuka mto kwenda kwa mke wa mchungaji kusomewa, na mimi mwalimu wa Kiingereza nimeketi hapo jikoni. Akienda hospitali, anaenda na Mbithe, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea chumvi. Siku moja nililazimisha kumpeleka mimi, macho yalikuwa yanamsumbua. Tulipofika mlango wa daktari akanishika mkono.

"Wewe kaa hapa nje, mama."

Kwa upole kabisa. Nikakaa nje.

Na wakati huo wote alikuwa akilima shamba ambalo alilipata kwa mdomo wangu. Mbaazi, pojo, mtama, maembe ya kuuza. Alikula hapo, alizeeka hapo, jana tumemlaza hapo kando ya Baba, ndani ya yale mawe. Alijua. Mama hakuwa mjinga. Alizijua kweli zote mbili na akaamua kuniwekea moja tu. Nimekasirika na Mama kwa miaka mingi kuliko nilivyokaa na Baba duniani, na jana kaburini nilikuwa bado nimekasirika, huku nalia, huku wanawake wa kanisa wananishika mikono wakisema Mwalimu, jikaze.

Mwezi uliopita Mama alizidiwa. Mbithe alikuwa na homa, kwa hivyo ikabidi niende mimi kumpeleka hospitali ya mjini Wote. Walimpiga picha za tumbo. Daktari ni msichana wetu wa huku, Mkamba, ningeweza kuwa nilimfundisha. Alinitoa kando kwenye korido na akaniambia kwa Kiingereza. Sijui kwa nini Kiingereza. Labda na yeye Kikamba kilimkatalia. It has taken over, akasema. Ugonjwa umetapakaa mwili mzima. Mpeleke nyumbani, Mwalimu, ukae naye vizuri.

Nilisimama pale nikacheka. Msichana wa watu akaogopa.

Nilirudi wodini na maneno yangu nimeyapanga. Nilisema moyoni, safari hii nitamwambia kwa Kikamba, nitamshika mkono, nitafanya vizuri kuliko nilivyofanya nikiwa mtoto. Mama alikuwa ameketi kitandani ameshafunga leso, tayari kwenda. Akaniangalia nikija. Akainua mkono kabla sijafika.

"Chochote walichokuambia," akasema, "usiniambie."

Nikasimama.

"Umenisikia, Syombua? Hata nikikuuliza. Hata nikilia."

Aliniita kwa jina. Jina la mama mkwe wake, ambalo hakuzoea kulitaja ovyo.

Nikamwambia, "Nimesikia, Mama."

Na sikumwambia. Wiki zote hizo sikumwambia. Alikula, na hilo nataka liandikwe mahali. Alikula vizuri mpaka karibu na mwisho. Alikuwa anapanga mambo ya mvua ya Oktoba, anasema mbegu za mbaazi ziwekwe jivu zisiliwe na wadudu, anasema zizi la mbuzi lihamishwe. Aliniuliza kama nitakuja kusaidia kupanda. Nikasema nitakuja. Nilikuwa namdanganya na yeye alikuwa ananiruhusu, na kusema kweli zilikuwa wiki nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Siku moja alinipa barua ya benki. "Hebu nisomee hii." Mimi! Nikaifungua. Ilikuwa tangazo tu la mikopo, upuuzi mtupu. Nilimsomea mpaka nukta ya mwisho.

Sikumwambia Mbithe pia. Mbithe hana siri, angelia mbele ya Mama siku hiyohiyo. Nilisema ni uzee na vidonda vya tumbo. Niliona nafanya vizuri.

Mama alifariki Jumatatu iliyopita akiongea juu ya mbuzi.

Leo asubuhi, hata maua hayajanyauka juu ya kaburi, wakaja. Musyoka, kijana mkubwa wa marehemu Baba mdogo Kilonzo, na ndugu zake. Wamevaa vizuri, wana heshima. Wakanywa chai. Wakasema pole tena. Halafu Musyoka akauliza, akiwa anakoroga sukari ambayo ilikuwa imeshayeyuka, "Sasa Mama alisema nini juu ya shamba?"

Mbithe akanitazama. Mimi nikatazama thermos.

Mama hakusema lolote. Angesemaje? Hakuna aliyemwambia kwamba anaondoka. Hati ya shamba ina jina la Baba hadi leo, hakuna aliyewahi kwenda kubadilisha. Maneno ya Baba yalikuwa ya mke wake na watoto wake, na wazee waliosikia wamekwisha wote. Mimi nina nyumba yangu Wote, nina pensheni, nina watoto wanaofanya kazi. Mbithe ana hapa tu. Ndoa yake ilivunjika zamani, akarudi, na ni yeye aliyelima na Mama, akamwogesha Mama, akalala chumba kimoja na Mama. Nje ya yale mawe hana hata mahali pa kuweka mkeka.

"Hakusema?" Musyoka akauliza. "Basi si neno. Kesho tutakaa na wazee wa ukoo, tuone vile tutapanga." Wakaondoka. Walishukuru chai.

Mlango ulipofungwa Mbithe aliniuliza swali moja tu. "Wewe ulijua?"

Nikamwambia ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu Wote."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisimama na vikombe vyao mikononi, macho yamekuwa mekundu, akasema, "Mimi ningemuuliza. Ningepiga magoti nimuulize, na angesema mbele ya watu, na leo ningekuwa na kwangu. Kwa Baba uliongea. Kwa Mama ukanyamaza. Kwa nini siku zote ni wewe unayeamua?"

Nimefundisha watu kujibu maswali maisha yangu yote. Ningeweza kusema Mama alinikataza. Ni kweli. Ningeweza kusema Baba aliuliza na Mama hakuuliza. Hiyo pia ni kweli. Lakini Mbithe haulizi kweli. Anauliza atalala wapi.

Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi chini ya hizi shuka. Nimejitetea, nimejilaani, nimemlaumu Mama, nimemlaumu yule mzungu, nimelaumu hata Kiingereza kwa umaskini wake wa kubebesha neno moja kila kitu. Ni bure. Mtu wa katikati analaumiwa na pande zote mbili, na kama hakuna pande anajilaumu mwenyewe. Nimechoka kuwa mtu wa katikati. Nimechoka kupitisha maneno ya wengine kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, halafu kuachiwa maiti.

Mbithe hasomi blogu. Musyoka na ndugu zake hawasomi kitu chochote kisicho na picha. Kwa hivyo naandika hapa bila wasiwasi.

Kesho wazee watakaa pale uwanjani. Wataniuliza mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na kwa sababu kila mtu anajua ni mimi niliyekuwa na Mama dakika ya mwisho, nimemshikia kikombe. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Mwalimu hajulikani kwa uongo. Kanisa zima litasema hivyo.

Nitasimama. Nitasema leo asubuhi sikumjibu Musyoka kwa sababu neno kama hilo husemwa mbele ya wazee. Nitawaambia Mama alinishika mkono, akataja shamba, akasema ni la Mbithe, na atakayemtoa atamkuta yeye. Nitasema polepole, nikimwangalia Musyoka machoni. Mbithe peke yake atajua, na aniangalie vile anataka.

Mama, ikiwa sivyo ulivyotaka, ungesema.